UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA

Natumai mtaniwia radhi nikianza na habari ya nyumbani kabla ya kuingia katika mada yenyewe, kwa maana bila habari hiyo nisingeandika makala haya.

Mjomba wangu ni baharia tangu utotoni. Huko kwetu pwani, akishika kana ya mashua, hata wazee wenzake walikuwa wakinyamaza. Miaka mitatu iliyopita aliteleza juu ya mnazi, akaanguka na kuumia uti wa mgongo. Alirudi nyumbani akiwa hai, twamshukuru Mungu, lakini miguu haikuwa tena na nguvu ya kumsimamisha. Ama kweli, kabla hujafa hujaumbika. Tangu siku hiyo akawa mtu wa barazani, akitazama mashua yake ikitoka na kurudi mikononi mwa wanawe. Kila mtu akasema, "Bahari imekwisha kwake." Hata mimi nilisema hivyo, tena mbele yake.

Basi, muhula uliopita mwalimu wetu wa fizikia alikuwa akitueleza kwa nini vitu vingine huanguka na vingine husimama wima. Katika mifano yake akataja mashua za matanga zilizoundwa ili ziendeshwe na watu wasioweza kutembea, na nyingine na mtu asiyeweza kuinua hata kidole. Darasa zima liliangua kicheko. "Aendeshe kwa nini, mwalimu, kwa pua?" akauliza mmoja wetu. Mwalimu akajibu, "Umekaribia. Kwa mdomo." Kicheko kikakoma papo hapo. Mimi nilitoka darasani nikaanza kutafuta habari hizo, na niliyoyapata ndiyo haya ninayowaletea.

MASHUA HUMDAI BAHARIA NINI?

Tuanze na swali hili, maana hata waundaji wa vyombo hivi huanzia hapo. Mashua ndogo ya tanga humdai baharia mambo matano.

Kwanza, awe mzani. Upepo ukisukuma tanga, mashua hulala upande, naye baharia hukimbilia upande wa joshi, yaani upande unakotoka upepo, aegemee nje ili airudishe wima. Waliowahi kutazama mashindano ya mashua kule Lamu wanajua ninachosema: vijana hutambaa juu ya ubao uliotokeza nje ya chombo, miili yao ikining'inia juu ya maji. Pili, anyooshe mkono ashike kana, ule mti unaogeuza usukani. Tatu, avute kamba, hasa demani, ambayo hukaza na kulegeza tanga. Nne, ahame upande kila mashua inapogeuzwa kubisha upepo. Tano, aone aendako.

Sasa mtu akishindwa na moja kati ya hayo, sisi husema ameshindwa na bahari. Lakini bahari haikumwuliza kitu. Aliyemwuliza ni mashua, na mashua ni kazi ya mkono wa fundi. Fundi aliyeiunda hivyo alikuwa na mwili wa namna fulani akilini mwake: mikono miwili, miguu miwili na macho mawili. Akiwaza mwili mwingine, ataunda chombo kingine. Hebu tuyatazame madai hayo moja baada ya jingine.

FARUMI IKAE CHINI

Ndugu msomaji, chukua chupa ya plastiki iliyo tupu, ifunge kizibo, uitie katika beseni la maji. Italala ubavu. Sasa itie mchanga wa kutosha, ifunge tena, uirudishe majini. Itasimama wima, na ukiisukuma kichwa itainama, kisha itainuka yenyewe. Uzito ulio chini ndio unaoirudisha. Mabaharia wetu walilijua jambo hili zamani sana, ndiyo maana jahazi lisilo na shehena hutiwa farumi ya mawe au mchanga. Ngalawa nayo hutumia njia nyingine, ile ya kutandaza ndubi mbili ubavuni ili isipinduke.

Waundaji wa mashua za watu wenye ulemavu walifuata njia ya farumi. Iko mashua moja iitwayo 2.4mR, ya kuendeshwa na mtu mmoja. Urefu wake ni mita 4 na kidogo. Uzito wake wote ni takriban kilo 260, na kati ya hizo karibu kilo 180 ni risasi iliyo chini kabisa kwenye mkuku. (Si risasi ya bunduki jamani, ni ile madini nzito!) Baharia hukaa ndani yake akitazama mbele, kichwa na mabega tu ndivyo vinavyoonekana nje. Upepo ukivuma, mashua huinama, kisha huinuka. Yeye hana haja ya kukimbilia joshi wala kuhama upande wakati wa kubisha. Dai la kwanza na la nne yamekwisha hapo.

Huko Australia, mwundaji aitwaye Chris Mitchell alitengeneza mashua ndogo zaidi, ambazo leo hujulikana kwa jina la Hansa. Mojawapo, iitwayo 303, ina urefu wa mita 3 na sentimita 3. Katikati yake hushushwa ubao mzito wa takriban kilo 30 unaoingia majini. Kiti chake ni cha kitambaa, kimening'inizwa chini kama machela, hivyo mwili wa baharia nao unakuwa sehemu ya farumi. Upepo ukizidi, baharia huvuta kamba tu, na tanga hujiviringisha kwenye mlingoti kama mkeka. Hakuna haja ya mtu kusimama.

USUKANI NA KAMBA

Dai la pili ni kana. Kana ya kawaida iko nyuma ya baharia na humlazimu ajipinde. Tena inafanya kazi kinyume: ukiisukuma kulia, omo ya mashua inaelekea kushoto. Katika mashua za Hansa, mahali pa kana pamewekwa kijiti kifupi mbele ya baharia, katikati ya magoti yake. Akikisukuma kushoto, mashua inakwenda kushoto. Mtoto wa darasa la pili anajifunza kwa dakika chache. Kwa mtu mwenye mikono dhaifu, kijiti hicho huunganishwa na mota ndogo ya betri, naye hukigusa tu kwa kidole au kwa kidevu.

Dai la tatu ni kamba. Hapa wanafizikia wenzangu watafurahi, kwa sababu dawa yake ni roda. Kamba ikipitishwa katika roda kiasi cha kuwa nyuzi nne ndizo zinazobeba mzigo, nguvu inayohitajika hupungua hadi karibu robo. Yaani demani inayovuta kwa uzito wa kilo 20 huweza kushikiliwa kwa nguvu ya kilo 5, ukiacha ile inayopotea katika msuguano. Lakini hakuna cha bure duniani: ili tanga lisogee mita moja, baharia atavuta mita nne za kamba. Kwa hiyo mwundaji hana budi kumwuliza baharia kwanza: je, unachopungukiwa ni nguvu, au ni mwendo wa mkono? Wa kwanza atasaidiwa na roda, ilhali wa pili roda zitamchosha zaidi, na afadhali apewe mota.

Wakati mwingine dawa ni ndogo kuliko hiyo. Damien Seguin wa Ufaransa alizaliwa bila kiganja cha mkono wa kushoto. Alishinda dhahabu ya Paralimpiki mwaka wa 2004 kule Athens na tena mwaka wa 2016 kule Rio, mara zote akiendesha ile 2.4mR. Kisha akaingia mashindano ya Vendée Globe ya 2020, ambayo mtu huizunguka dunia peke yake bila kutia nanga bandarini na bila msaada. Alimaliza wa saba, baada ya siku 80 na saa kadhaa, akawa baharia wa kwanza mwenye ulemavu kuyamaliza. Mashua yake ilirekebishwa kidogo tu, hasa pale pa kuzungushia winchi, ambapo paliwekwa kifuko cha kuingizia mkono ule usio na kiganja. Wenzake waliobaki nyuma walikuwa na viganja viwiliviwili!

KITI SI JAMBO DOGO

Wengi wetu tungedhani kiti ni ubao tu. Lakini mtu asiyekuwa na hisia miguuni hawezi kujua kwamba amekalia msumari au fundo la kamba. Saa mbili baadaye ana kidonda, na kidonda cha namna hiyo huweza kumlaza hospitali miezi. Kwa hiyo kiti chake hutiwa mto mnene na hukaguliwa kabla ya safari. Aliyepoteza nguvu za kiwiliwili huhitaji egemeo refu na mikanda ya kumshikilia. Hapa pana kanuni moja isiyovunjwa: mkanda wowote sharti ufunguke kwa mvuto mmoja, tena na mtu mwingine pia aweze kuufungua, kwa sababu mtu aliyefungwa katika chombo kinachozama hana wa kumwokoa. Jaketi la kuokolea huvaliwa na kila mtu, aliye mzima na asiye mzima.

Na kabla ya kukaa, mtu atapandaje? Magati ya vyombo hivi huwa na daraja la mteremko badala ya ngazi, na kreni ndogo ya kumwinua mtu kutoka kiti cha magurudumu hadi mashuani. Mashua inaweza kuwa bora kupita zote, lakini gati likiwa na ngazi kumi, hapo safari imeishia.

MASIKIO BADALA YA MACHO

Dai la tano ni kuona. Mabaharia wasioona huusikia upepo shavuni na huijua mashua kwa jinsi inavyoinama. Wanachokosa ni kujua mwelekeo na alama za njia. Basi pameundwa dira zinazosema kwa sauti, na katika mashindano ya wasioona maboya hutoa mlio, kila boya na mlio wake, ili baharia ajue ni lipi analolielekea.

Mwaka wa 2019 Mitsuhiro Iwamoto, Mjapani asiyeona, alivuka bahari ya Pasifiki kutoka San Diego huko Marekani hadi Japani bila kutua mahali. Safari ilianza mwezi wa Februari na kumalizika Aprili. Alikuwa na mwenzake mwenye macho, aliyemweleza kwa maneno hali ya upepo na hatari zilizo mbele, naye Iwamoto akashika usukani. Miaka sita kabla ya hapo alijaribu safari kama hiyo, mashua ikagongana na nyangumi ikazama, wakaokolewa. Aliyeungua na uji akarudi kuunywa!

PUMZI YA HILARY

Sasa nilipe deni la yule mwenzetu aliyeuliza habari za pua. Hilary Lister alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa 1972. Ugonjwa wa neva ulimdhoofisha mwaka hata mwaka, mpaka akabaki na uwezo wa kusogeza kichwa, macho na mdomo tu. Mwaka wa 2005 alivuka peke yake mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, kwa muda wa saa sita na dakika chache.

Aliwezaje? Mbele ya mdomo wake paliwekwa mirija myembamba kama ile ya kunywea soda. Kila mrija uliishia kwenye swichi inayohisi mabadiliko ya hewa. Akipuliza mrija wa usukani, mota inageuza upande mmoja, na akifyonza, inageuza upande mwingine. Mrija mwingine ulikaza na kulegeza matanga. Hewa ile haikusukuma usukani, la hasha! Hewa ilitoa amri, na betri ndiyo iliyofanya kazi, kama vile wewe unavyowasha taa bila kuubeba umeme.

Mwaka wa 2008 alijaribu kuizunguka Uingereza, akakwamishwa na hali ya hewa na hitilafu za mitambo. Mwaka wa 2009 aliirudia safari na kuimaliza, akawa mwanamke wa kwanza mwenye ulemavu kufanya hivyo peke yake. Mwaka wa 2014 yeye na mwenzake Nashwa Al Kindi wa Oman walisafiri kwa tanga kutoka Mumbai hadi Muscat, katika bahari ileile iliyowaleta mababu wa majahazi hadi pwani yetu. Aliaga dunia mwaka wa 2018.

NANI AUNDE?

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sam Sullivan wa Vancouver, Kanada, aliumia shingo katika mchezo wa kuteleza thelujini alipokuwa na umri wa miaka 19. Mwaka wa 1989 alianzisha chama cha mabaharia wenye ulemavu. Kutokana na mahitaji ya watu hao, mwundaji Don Martin alichora mashua ya Martin 16 katika miaka ya 1990, yenye risasi nzito chini na nafasi ya kufungia vifaa vya mdomo. Wenyewe ndio waliokuwa mabingwa wa kusema kipi kinabana na kipi hakifikiki. Baadaye Sullivan alichaguliwa meya wa jiji hilo, akatumikia kutoka 2005 hadi 2008.

Jambo la kufurahisha ni kwamba mashua hizi si "mashua za walemavu". Wazee, watoto na watu wazima wenye afya huzipenda kwa sababu hazipinduki ovyo. Katika mashindano mengi ya 2.4mR huwezi kujua nani ana miguu na nani hana hadi watakaporudi gatini.

BEI NAYO

Nisiwafiche, vitu hivi ni ghali. Huko Uingereza shirika la Jubilee Sailing Trust liliunda meli mbili za matanga, Lord Nelson mwaka wa 1986 na Tenacious mwaka wa 2000, zenye lifti na dira za kusema, ambamo wenye ulemavu na wasio nao walifanya kazi bega kwa bega. Fedha zilipowaishia, shirika likafungwa mwaka wa 2023. Katika Paralimpiki, mashua zilishindaniwa medali kutoka Sydney 2000 hadi Rio 2016, kisha zikaondolewa. Hazikuwako Tokyo wala Paris. Sababu iliyotolewa ni kwamba mchezo huo hauchezwi katika nchi za kutosha duniani. Nilipoisoma sababu hiyo nilikumbuka pwani yetu nzima, yenye upepo wa kaskazi na kusi na mabaharia tele, nikakumbuka na mjomba wangu barazani.

TULIVYOFANYA NYUMBANI

Likizo ilipofika nikamwendea. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza yote, nikidhani atastaajabia habari za mirija na betri. Wapi! Swali lake la kwanza lilikuwa, "Farumi yake kiasi gani?" La pili, "Na tanga hulipunguzaje, upepo ukizidi?" Kwa miaka mitatu hakuna aliyekuwa amemsikia akiuliza swali la bahari.

Halafu akasema, "Sisi farumi tunayo, mawe yamejaa. Nitafutieni egemeo tu, na hiyo demani inifikie." Fundi wa kijijini akaunda kiti cha mbao chenye mgongo mrefu, akakipigilia chini karibu na tezi, tukakitia mto wa usufi. Binamu zangu wakafunga roda mbili. Gharama yote haikufikia bei ya mbuzi. Mikanda hatukuitumia, jaketi la kuokolea alivaa.

Tulitoka alfajiri moja ya maleleji, upepo ukiwa mwororo, ndani ya mwamba, wanawe wawili wakiwa pamoja nasi. Kubebwa hadi mashuani hakukumpendeza, nilimwona usoni. Lakini alipoishika kana alibadilika. Dakika chache baadaye nilichelewa kulegeza kamba, akanifokea, "We! Umelala?" Ndiye yule mjomba wangu wa zamani. Wanawe walinicheka sana, nami sikuona haya.

Wenzangu, Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Wengine wetu hatutaunda mashua kamwe. Lakini hapa shuleni yuko mwenzetu anayetembelea magongo, na maktaba yetu ina ngazi saba. Nimezihesabu. Tumezoea kumwuliza, "Nikuletee kitabu gani?" Chama chetu cha Kiswahili kimekubali kumwandikia mwalimu mkuu juu ya mteremko wa saruji, na fundi tutakayempata ataongea na mwenzetu huyo kwanza kabla ya kuchanganya mchanga.